Jino moja la cheni ya taimingi: kulirudisha mahali pake bila kushusha hedi

Umebadilisha ringi za pistoni au gasketi ya silinda, umerudisha hedi (kichwa cha silinda), umekaza nati kwa mpangilio, na sasa pikipiki haitaki kuwaka. Au inawaka kwa taabu, ukiachia mafuta inazima, inapasuka kwenye kabureta au kwenye ekzosi, na barabarani haina nguvu hata ya kupanda kilima kidogo. Usiguse kabureta kwanza. Usinunue plagi nyingine. Kama kabla ya kufungua injini ilikuwa inawaka vizuri, basi tatizo limeingia wakati wa kufunga, na pa kuanzia kutazama ni cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu).

Kwenye injini ndogo za silinda moja zenye kamshafti ndani ya hedi, ni rahisi sana spoketi ya juu kukaa jino moja mbele au jino moja nyuma. Kosa hili linasahihishwa injini ikiwa kwenye fremu, hedi ikiwa imefungwa. Linageuka kuwa kubwa pale tu mtu anapoendelea kupiga kiki na kukoroga skrubu za kabureta bila kujua anachotafuta. (Injini za aina ya CG125 hazina cheni hii. Kamshafti yake iko chini na inasukuma roka (mikono midogo inayobonyeza valvu) kwa fito, kwa hiyo maelezo haya hayazihusu.)

Krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja, ndiyo maana spoketi ya juu ina meno mara mbili ya ile ya chini. Chukua spoketi ya juu yenye meno 34. Jino moja ni digrii 10.6 za kamshafti, na kwa upande wa krenki ni digrii 21 na ushee. Ikiwa na meno 28, kosa la jino moja linafika karibu digrii 26 za krenki. Kwa valvu, hizo ni digrii nyingi mno. Kamshafti ikichelewa, valvu ya kuingiza inafunga pistoni ikiwa imeshapanda sana, na sehemu ya mchanganyiko uliovutwa inasukumwa kurudi kwenye kabureta. Kiki inakuwa nyepesi, injini inapumua nje kupitia kabureta, nguvu ya chini inapotea. Kamshafti ikiwahi, mara nyingi kiki inabaki nzito na injini inaweza hata kutulia vizuri kwenye sailensa (ikinguruma bila kuvutwa mafuta), lakini ukivuta mafuta inafika mahali inakwama, kama mtu aliyezibwa pua.

Kinachowapoteza wengi ni moto wa plagi. Koili inayotoa ishara ya kuuwasha husoma kijinundu kilichoko kwenye magneti (gurudumu la sumaku), na magneti imefungwa kwenye krenki. Cheni ikiruka jino, moto haubadiliki hata kidogo. Utatoa plagi, utaigusisha kwenye hedi, utaona cheche ya bluu iliyo imara, na utaamini kwamba taimingi iko sawa. Taimingi ya moto iko sawa. Ya valvu ndiyo iliyokosea, na cheche haiwezi kukuonyesha hilo.

Andaa spana za T za 8 na 10, soketi ya nati ya magneti (mara nyingi ni 14 au 17), soketi ya plagi, bisibisi bapa ndogo na kubwa, fila geji (vibati vya kupimia nafasi ndogo), waya laini wa sentimita 30 hivi, kitambaa safi kisichotoa nyuzi, mrija wa plastiki wa kunywea soda, na spana ya toki kama unayo. Injini iwe imepoa kabisa. Chomoa waya hasi wa betri. Toa tangi kama linakuzuia kuona upande wa kushoto wa hedi, kwa sababu kazi hii yote ni ya macho. Toa plagi ili injini izunguke bila kubana, na futa uchafu kuzunguka shimo lake kabla ya kuifungua, usije ukauangusha ndani.

Kwenye kava la magneti upande wa kushoto kuna vifuniko viwili vya kufungua kwa bisibisi pana: kikubwa katikati, cha kufikia nati, na kidogo juu yake, ambacho ni dirisha la kuonea alama. Zungusha krenki kwa kuelekea injini inakozunguka yenyewe. Kwa injini nyingi zenye magneti kushoto, hiyo ni kinyume cha saa ukiitazama kutoka upande huo. Kama huna uhakika na yako, ingiza gia ya juu kabisa na usukume pikipiki mbele taratibu huku ukiangalia nati inageukia wapi.

Dirishani utaona herufi. T ni pistoni juu kabisa, topu. F ni mahali plagi inapotoa moto injini ikiwa kwenye sailensa, digrii kadhaa kabla ya T. Zinakaribiana, na zimechongwa kwa ukubwa uleule. Ukifunga cheni kwa kutumia F badala ya T, unaweza kuhesabu meno vizuri, ukaweka kila kitu kwa uangalifu, na bado ukakosea. Kwa hiyo safisha magneti kwa kitambaa chenye petroli kidogo mpaka usome herufi yenyewe, usibahatishe kwa mstari tu. Kisha tazama kwa jicho lililo sambamba na dirisha. Ukitazama kwa upande, mstari wa T unaweza kuonekana umelingana na alama ya kava kumbe umepitiliza.

Sasa shusha mrija wa plastiki kwenye shimo la plagi mpaka uguse pistoni, halafu zungusha krenki polepole. Mrija utapanda, utasimama, kisha utaanza kushuka. Pale unaposimama ndipo T inapotakiwa kuonekana dirishani. Usitumie bisibisi wala msumari. Chuma kinakwaruza kichwa cha pistoni, na kikilala upande kinaweza kubanwa kati ya pistoni na hedi. Kama mrija unasema pistoni iko juu na T haionekani karibu, kosa haliko kwenye cheni. Kii ya nusu mwezi inayoshika magneti kwenye krenki huenda imekatika na magneti imezunguka juu ya shafti. Hapo lazima magneti itolewe kwanza, na taimingi ya moto wa plagi nayo itakuwa imepotea.

T ikishakaa, fungua kifuniko cha duara cha spoketi kwenye hedi na vifuniko vya tapeti (skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu). Shika roka zote mbili kwa vidole. Zikicheza kidogo juu na chini, valvu zote zimefunga na uko kwenye topu ya kubana. Kama roka zimekazana, uko kwenye topu nyingine, ile ya kutoa moshi. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili na urudi kwenye T. Kwenye topu ya kubana matumbo ya kamshafti (vivimbe vinavyosukuma roka) yanaangalia mbali na roka, hakuna springi inayoisukuma, na utakapotoa bolti za spoketi shafti itatulia ilipo. Ukifungua kwenye topu nyingine, springi za valvu zinaweza kuigeuza ghafla.

Spoketi nyingi zina mistari miwili, mmoja kila upande, inayopaswa kulala sambamba na ukingo wa hedi. Nyingine zina nukta au duara moja linaloelekea kwenye mkato uliochongwa kwenye hedi. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Kwenye injini za kulala, ambazo silinda yake inaelekea mbele, sheria ni ileile isipokuwa ukingo wa hedi umesimama, kwa hiyo mistari nayo itasimama.

Hapa pima kwa jicho, au weka rula ndogo kwenye ukingo. Cheni ndogo nyingi za taimingi zina milimita 6.35 kutoka pini hadi pini. Kwa hiyo kosa la jino moja kamili linaonekana waziwazi: mwisho mmoja wa mstari umepanda kama milimita 6 juu ya ukingo na mwisho wa pili umeshuka kiasi hichohicho. Ukitazama kutoka kushoto, upande wa mbele wa pikipiki uko mkono wako wa kushoto. Kwa injini inayozunguka kinyume cha saa, mstari wa mbele ukiwa chini ya ukingo, kamshafti imewahi. Ukiwa juu, imechelewa. Andika ulichokiona kabla ya kufungua chochote, au piga picha.

Vipi kama tofauti ni milimita 2 au 3 tu? Hilo si jino. Hakuna nusu jino. Ni ulegevu wa cheni uliokaa upande usiotakiwa, au tensiona (kifaa kinachosukuma cheni isilegee) haisukumi, au cheni yenyewe imerefuka kwa kuchakaa. Hapa watu huhamisha jino moja na kujikuta wamekosea upande wa pili kwa kiasi kilekile, halafu wanarudisha, halafu wanahamisha tena, mpaka wanaanza kuilaumu spoketi. Zungusha krenki mizunguko miwili kamili tensiona ikiwa inafanya kazi, simama kwenye T bila kurudi nyuma, na utazame tena. Ukipitiliza T hata kidogo, usirudishe. Ukirudisha, ulegevu wote unahamia upande wa kuvuta na alama zinakudanganya. Nenda mizunguko mingine miwili.

Ukithibitisha kwamba ni jino, ndipo ufungue. Legeza kwanza bolti za spoketi tensiona ikiwa bado mahali pake, maana cheni iliyokazika inakusaidia kushika. Zilegeze tu, usizitoe. Kwenye baadhi ya injini bolti ya pili imejificha, na itabidi uzungushe krenki ili ipatikane nafasi ya kuifikia. Fanya hivyo sasa, kisha urudi kwenye T ya kubana. Tensiona ikishatoka hutaki kuzungusha krenki tena, kwa sababu cheni iliyolegea inaweza kuruka meno kwenye spoketi ya chini au kujikunja na kubanwa pale.

Tensiona inastahili maelezo marefu, kwani ndiyo inayogeuza marekebisho ya nusu saa kuwa hasara. Zile za kujikaza zenyewe zina springi ndani na kifimbo kinachotoka nje lakini hakirudi. Ukilegeza bolti zake mbili hata mizunguko michache, mwili wa tensiona unarudi nyuma na kifimbo kinatoka zaidi kuijaza nafasi hiyo. Ukikaza tena bila kukirudisha kifimbo, unakisukuma kwa nguvu ya bolti dhidi ya kiongozi cha cheni (kipande kinachoikandamiza cheni). Cheni inakazika kama uzi wa gitaa, injini inalia mluzi, kiongozi kinaliwa, na wakati mwingine sikio la tensiona linapasuka au nyuzi za bolti zinang'oka kwenye alumini ya silinda. Kwa hiyo ukiigusa, itoe yote. Fungua skrubu ndogo ya nyuma, ingiza bisibisi bapa nyembamba, na uzungushe, kwa nyingi ni kwa kufuata saa, mpaka kifimbo kiingie chote ndani. Kwa aina zenye kikamata cha meno, bonyeza kikamata kwa kidole huku ukisukuma kifimbo. Ijaribu mkononi mara mbili tatu. Kifimbo kinapaswa kuruka nje chenyewe ukiachia, bila kukwama, na kisiweze kurudi ukikisukuma. Kikikubali kurudi, au kikitoka kivivu, badilisha tensiona, maana hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyoleta tatizo lote.

Kabla ya kutoa bolti za spoketi, ziba tundu la cheni chini yake kwa kitambaa. Mkia mrefu wa kitambaa uninginie nje, uonekane wazi, ili usije ukafunga kava kikiwa ndani. Bolti ya milimita 6 ikidondoka kwenye tundu hilo inakwenda moja kwa moja kwenye krenki, na kuitafuta huko ni kufungua kava la magneti au hata kumwaga oili. Funga waya kwenye cheni na uufunge mwisho wake kwenye fremu. Kisha toa bolti, moja baada ya nyingine, na uziweke kwenye chombo.

Vuta spoketi taratibu itoke kwenye bega la kamshafti. Huhitaji kuitoa nje kabisa. Inatosha kuiinamisha ili cheni iteleze kutoka kwenye meno. Mkono mmoja uvute cheni juu muda wote, usiiache ilegee hadi chini. Kama mstari wa mbele ulikuwa juu ya ukingo, geuza spoketi jino moja kinyume cha saa ndani ya cheni. Kama ulikuwa chini, geuza jino moja kufuata saa. Rudisha cheni juu ya meno.

Na sasa ndipo mahali ambapo kosa la mara ya kwanza lilizaliwa, kwa hiyo usiharakishe. Kwa injini inayozunguka kinyume cha saa, upande wa mbele wa cheni ndio krenki inaouvuta. Lazima unyooke kabisa. Ulegevu wote uwe nyuma, upande wa tensiona. Ukiwa na T dirishani na mistari sambamba, lakini upande wa mbele una ulegevu, kila kitu kinaonekana sawa kwa sasa. Ukishafunga tensiona na kuzungusha, krenki inameza kwanza ule ulegevu wa mbele kabla kamshafti haijaanza kusogea, na kamshafti inabaki nyuma. Hivyo ndivyo mtu makini kabisa anavyokosea jino. Bonyeza cheni ya mbele kwa kidole: isicheze. Bonyeza ya nyuma: icheze. Kisha sukuma cheni ya nyuma kwa kidole kimoja au kwa kipande cha mbao kupitia tundu la tensiona, kama itakavyosukumwa na kifimbo, na utazame mistari. Ikibaki sambamba na T ikibaki dirishani, umepata.

Panga matundu ya bolti. Kamshafti inaweza kuhitaji kugeuzwa kidogo sana ili yalingane, na kwa kuwa hakuna tumbo linalogusa roka, itageuka kwa vidole tu. Ikigoma, usilazimishe kwa bolti. Rudi uangalie kama uko kwenye topu ya kubana. Anza bolti zote mbili kwa mkono mpaka ziingie nyuzi kadhaa, halafu zikaze kwa zamu. Bolti za milimita 6 kwa kawaida hukazwa Nm 10 hadi 12. Kama kitabu kinataka gundi ya nyuzi, weka tone moja la ile ya nguvu ya wastani kwenye nyuzi safi zisizo na oili. Toa kitambaa na waya sasa hivi, kabla ya jambo lingine lolote.

Rudisha tensiona kifimbo kikiwa ndani, na gasketi yake au oringi, kaza bolti zake mbili, ndipo uachie kifimbo. Utasikia kinapogonga kiongozi. Hapo zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, plagi ikiwa bado nje. Kuna mahali mkono utahisi uzito wa springi za valvu, mzito kisha unaachia. Hiyo ni kawaida. Kisicho cha kawaida ni kugota kwa ghafla, chuma kwa chuma. Ukigota, simama hapohapo. Usipige kiki, usibonyeze stata. Kwenye injini nyingi ndogo kosa la jino moja halifikishi valvu kwenye pistoni, lakini mawili au matatu yanaweza, na mkono utakuambia kabla chochote hakijapinda. Ukirudi kwenye T, mistari lazima iwe sambamba tena. Rudia mizunguko mingine miwili. Mara zote mbili zikikubaliana, cheni iko sawa.

Kama kabla ya marekebisho injini ilishazungushwa sana kwa stata na una wasiwasi na valvu, zipime sasa. Ukiwa kwenye topu ya kubana, ingiza hewa ya pampu kupitia shimo la plagi kwa mpira unaobana, huku mtu ameshika nati ya magneti. Mlio wa hewa kwenye kabureta unamaanisha valvu ya kuingiza haifungi. Mlio kwenye ekzosi ni ya kutoa moshi. Mlio kidogo ndani ya nyumba ya krenki, unaosikika kwenye tundu la kujazia oili, ni wa ringi, na kidogo hicho ni cha kawaida.

Pima tapeti upya ukiwa hapohapo kwenye T ya kubana, injini baridi. Injini nyingi za aina hii hutaka kati ya milimita 0.05 na 0.10, lakini fuata namba ya injini yako. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo. Kama tapeti zilisetiwa wakati cheni imekosea, usiziamini. Mimina oili safi kidogo juu ya matumbo ya kamshafti, vijiko viwili vitatu, maana oili iliyokuwepo imeshachuruzika.

Kabureta nayo irudishe ilivyokuwa kama uliichezea. Skrubu ya hewa iliyozungushwa ili kufidia valvu iliyochelewa itafanya injini iliyo sawa iende vibaya, na utaanza kuishuku cheni upya bila sababu.

Rudisha plagi, vifuniko na waya wa betri, kisha washa. Sekunde za mwanzo inaweza kutoa moshi wa oili iliyoingia wakati wa kazi, na hukoma yenyewe. Sikiliza upande wa kushoto wa hedi: mluzi mwembamba unaopanda na mzunguko ni cheni iliyokazwa kupita kiasi, na mlio wa kugongagonga unaopungua ukivuta mafuta ni tensiona isiyosukuma. Iache ipate moto, izime, ipoe, kisha kagua kwa kitambaa kikavu sehemu tatu: chini ya tensiona, chini ya kifuniko cha spoketi, na kuzunguka vifuniko viwili vya kava la magneti. Oringi ya kile kidogo cha dirisha hukauka na kuvunjika wakati wa kufungua, na tone moja hapo huonekana kama gasketi ya kava nzima imevuja.